Neno "set" la Kiingereza: ni neno moja lenye maana nyingi, au ni maneno kadhaa?

Mzazi wa Lanet, Nakuru

Walimu na wapenzi wa lugha, hamjambo. Binti yangu yuko Gredi ya 8 hapa Nakuru, na wiki hii aliletewa zoezi la Kiingereza ambalo sentensi zake zote zilitumia neno moja la herufi tatu, yaani "set", naye akatakiwa aeleze maana ya neno hilo katika kila sentensi. Katika ya kwanza jua lilikuwa likitua. Katika iliyofuata mama alikuwa akiandaa meza. Kisha saruji ikashika, mwindaji akatega mtego, daktari akaunga mfupa, mwalimu akatunga mtihani, na mwishoni ikatajwa seti ya vikombe. Nilipojaribu kumweleza kwa Kiswahili, niliona kwamba kila sentensi inadai kitenzi chake, wala hapana viwili vinavyofanana. Tulipofungua kamusi ya Kiingereza tukute njia, maelezo yalikuwa marefu kiasi cha kututatiza zaidi.

Ninafahamu kwamba Kiswahili nacho kina vitawe, na kwamba kaa la moto halina undugu wowote na kaa wa baharini. Ninachotaka kujua ni kama "set" ni kitawe cha namna hiyo, yaani maneno tofauti yaliyokutana katika sauti moja, au kama kuna maana moja ya msingi ambayo hizi nyingine zote zimechipuka kutoka kwake. Sipendi akariri orodha, kwa sababu orodha hiyo haitamfaa siku atakapokutana na matumizi ambayo hayamo ndani yake. Naomba anayejua anieleze kwa utaratibu, ili nami nimweleze mtoto.

Mwalimu wa lugha, Kisumu

Mzazi mwenzangu, mambo yote mawili uliyoyauliza yamo. "Set" ni maneno mawili yaliyokuja kuandikwa na kutamkwa kwa namna moja: kuna kitenzi kilichorithiwa kutoka Kiingereza cha kale, na kuna nomino yenye maana ya kundi iliyotoka katika Kifaransa cha kale, nacho Kifaransa kiliipata kutoka Kilatini. Katika zoezi la binti yako, seti ya vikombe ndiyo nomino hiyo ya pili. Sentensi nyingine zote ni za kitenzi kimoja, na hicho ndicho kinachostahili kuelezwa kwa kirefu.

Kitenzi hicho kilikuwa "settan", na maana yake ya asili ni kuketisha. Mtoto aliyesoma mnyambuliko wa vitenzi atalielewa jambo hili mara moja. Sisi tuna keti na ketisha, lala na laza, anguka na angusha. Zamani sana lugha zilizokizaa Kiingereza zilikuwa na kauli ya kutendesha iliyofanana kazi na hii yetu, nayo iliundwa kwa kuongeza kiambishi baada ya mzizi, ila kiambishi hicho kilipotea baadaye. Alama iliyobaki hadi leo ni irabu ya ndani iliyobadilika. Ndiyo maana Kiingereza cha sasa kina "sit" na "set", "lie" na "lay", "fall" kwa mti unaoanguka na "fell" kwa mtu anayeuangusha. Waingereza wameacha kuunda vitenzi vipya kwa njia hiyo, kwa hiyo hata wenyewe wengi hawaoni tena kwamba "set" ni "sit" katika kauli ya kutendesha. Mwanafunzi wa Kiswahili, ambaye kauli hizi anazitumia kutwa nzima, ana nafasi nzuri ya kuuona undugu huo kuliko mtoto wa London.

Sasa fikiria kitu kilichoketishwa. Kimewekwa mahali panapokistahili, na baada ya kuwekwa kinatulia hapo. Sehemu hizo mbili, kuweka na kutulia, ndizo zinazoongoza karibu kila matumizi. Sahani na vijiko vikiwekwa mezani kila kimoja mahali pake, meza imeandaliwa. Mtego ukiwekwa na kuachwa umekaa tayari kunasa, umetegwa. Mtihani ukiwekwa mbele ya watahiniwa, umetungwa. Kiswahili huitazama kazi yenyewe inavyofanywa, na kwa kuwa kutega si kutunga na kutunga si kuandaa, kila kazi imepewa kitenzi chake. Kiingereza kimetazama hali ya kitu baada ya kazi, yaani kwamba sasa kimekaa mahali pake, na kwa sababu hiyo kimeridhika na kitenzi kimoja.

Tofauti hiyo ya mtazamo huonekana wazi zaidi katika mfupa. Tunaposema kwamba mfupa umeungwa, mawazo yetu yako kwenye vipande viwili kushikamana, jambo ambalo huchukua majuma mengi ndani ya plasta. Mwingereza anaposema kwamba daktari "has set" mfupa, anazungumzia kitendo kifupi cha kuvirudisha vipande katika mstari wake kabla ya plasta kufungwa. Tafsiri ni moja, lakini maneno hayo mawili hayalengi hatua moja. Ningependa mtoto aambiwe hivyo waziwazi, maana ataisoma sentensi ya namna hiyo siku moja katika ripoti ya hospitali na ni vyema ajue ni hatua gani iliyokwisha kufanyika.

Kuhusu jua, Kiswahili kimepita njia inayokaribiana sana na ya Kiingereza. Watu wanaokaa ufuoni hapa Dunga jioni husema jua linazama, au linatua. Kitenzi hicho cha kutua ndicho tunachokitumia kwa mtu anayeushusha mzigo kichwani, kwa ndege anayeshuka tawini, na kwa eropleni inayoshuka katika uwanja wa Kisumu. Kutokana nacho tumepata kutulia, kutuliza, utulivu na kituo, kiwe cha mabasi au cha polisi. Hakuna msemaji wa Kiswahili anayeshangaa kwamba jua na mzigo vimepewa kitenzi kimoja, wala hakuna anayehitaji orodha ili akumbuke. Anasikia wazo moja la kushuka na kukaa. Anza hapo na binti yako, mwulize anasikia nini katika kutua, kisha umpeleke kwenye "set" ya jua.

Kamusi imekutatiza kwa sababu ya kweli. Kamusi kubwa ya Kiingereza ya Oxford, ambayo chapa yake ya kwanza ilikamilika mwaka 1928, ilikipa kitenzi hiki maelezo marefu kuliko neno jingine lolote, na katika chapa ya pili ya mwaka 1989 kilikuwa na maana zipatazo 430 zilizoelezwa kwa maneno karibu 60,000. Baadaye, wahariri walipokuwa wakiandika upya maelezo ya chapa ya tatu, kilipitwa na "make" mwaka 2000, kisha "put" mwaka 2007, kisha "run" mwaka 2011, ambacho kilipewa maana 645. Ukivitazama vyote vinne utaona ni vitenzi vifupi vya kazi za kila siku. Vitenzi vya namna hiyo ndivyo vinavyobebeshwa maana nyingi katika lugha yoyote, kwa kuwa kila jambo jipya linapotokea watu huchukua kitenzi kilichoko mdomoni tayari. Mgeni anayejifunza lugha yetu hupata taabu hiyohiyo kwa kupiga: tunapiga simu, tunapiga pasi, tunapiga magoti, tunapiga kura, tunapiga mbizi na tunapiga miayo, na hakuna anayepigwa.

Kuna pia vile viambatani vidogo vinavyofuata kitenzi. Msafiri akiondoka ni "set off", mtu akianzisha biashara ni "set up", na mvua ikianza bila kuonyesha dalili ya kukatika ni "set in". Hivi vifundishwe kila kimoja kama kitenzi kizima, kwa sababu kiambatani kinaweza kuisogeza maana mbali sana na kuketisha.

Fundi wa ujenzi, Luanda, Vihiga

Mwalimu ameliruka la saruji, kwa hiyo naomba nilieleze mimi, kwa kuwa neno hili liko katika kazi yetu kila siku. Kwenye maelezo ya saruji utakuta limeandikwa pamoja na muda, na fundi asiyelielewa huharibu kazi. Sisi tunasema saruji imeshika. Kushika si kukauka. Saruji ikikutana na maji huanza badiliko la kikemia, na badiliko hilo ndilo linaloufanya uji ule upoteze ulaini wake. Ndiyo maana zege hushika hata likimwagwa chini ya maji, kwenye nguzo za daraja. Kiwandani husaga jasi kidogo pamoja na saruji kwa makusudi ya kuchelewesha kushika huko, la sivyo mchanganyiko ungekuwa mgumu kabla fundi hajauinua kwa sepetu.

Baada ya kushika bado kuna kukomaa, ambalo ni jambo la pili. Slabu iliyoshika jioni unaweza kuikanyaga kesho yake kwa uangalifu, lakini nguvu yake huendelea kuongezeka kwa muda mrefu, na vipimo vya nguvu za zege kwa kawaida huhesabiwa siku ya 28. Katika siku za mwanzo, angalau juma zima, ni lazima imwagiliwe maji ili badiliko lile lisikatike. Kijana wa kazi akiona mchanganyiko umeanza kuwa mzito kwenye karai, asiongeze maji ili aulainishe. Umekwisha kuanza kushika, na ukiuvuruga hautapata tena nguvu iliyokusudiwa.

Kwa hiyo nakubaliana na mwalimu kuhusu kutulia. Kabla ya kushika, zege hufuata umbo lolote unalolipa. Likishashika, limekaa katika umbo lake. Dada zetu wa saluni husema vivyo hivyo kuhusu kuseti nywele: nywele mbichi huzungushwa kwenye rola, na zikikauka zikiwa hapo hubaki na mkunjo ule hadi zitakapolowa tena. Nadhani mtoto akiliona zege na rola ataielewa maana hii bila kamusi.

Mwalimu wa Hisabati, Bungoma

Ninaunga mkono maelezo ya kitenzi, ila nomino isipitwe haraka namna hiyo, maana ndiyo inayowachanganya wanafunzi wangu. Ile "set" yenye maana ya kundi imetoka katika "sette" ya Kifaransa cha kale, nayo imetoka katika "secta" ya Kilatini, yaani watu wanaomfuata mtu au njia fulani. Neno hilohilo la Kilatini ndilo lililokipa Kiingereza "sect", ambalo sisi tungeliita madhehebu. Kwa asili, basi, seti lilikuwa kundi la watu waliofungamana, si vitu vilivyowekwa mahali, ingawa kwa karne nyingi nomino hiyo na kitenzi vimeishi pamoja hadi maana zao zikaathiriana.

Shida hutokea mwanafunzi anapoibeba seti ya sokoni na kuiingiza katika Hisabati. Ukinunua seti ya vikombe katika soko la Kibuye unatarajia vifanane rangi na umbo, na visipungue. Katika Hisabati wanachama wa seti hawalazimiki kufanana hata kidogo. Kinachotakiwa ni kwamba uweze kusema bila shaka kama kitu kimo au hakimo. Mpangilio hauhesabiki, kwa hiyo seti ya 2, 3 na 5 ni ileile ya 5, 3 na 2, na ukiiandika 3 mara mbili hujaongeza chochote. Tena kuna seti tupu, isiyo na mwanachama hata mmoja, ambayo hakuna mfanyabiashara anayeweza kukuuzia. Georg Cantor, aliyeanzisha nadharia hii kwa makala yake ya mwaka 1874, aliandika kwa Kijerumani, na neno ambalo nadharia hiyo ilikuja kujulikana nalo katika lugha hiyo ni "Menge", lenye maana ya wingi wa vitu, ambalo halihusiani kabisa na "set". Wazo lenyewe halikutoka katika neno la Kiingereza.

Kuna mtihani mdogo ambao ningempa binti yako. Mwulize vile vitabu teule vya fasihi, ambavyo sote hapa Kenya tunaviita "set books", vinatumia "set" ipi kati ya hizi mbili. Wanafunzi wengi hujibu kwamba ni seti ya vitabu. Lakini ukichukua kitabu kimoja tu, riwaya pekee bila tamthilia wala diwani, bado kinaitwa "set book". Maana yake ni kitabu kilichowekwa, kilichoteuliwa na wenye mamlaka ya mtihani. Hicho ni kitenzi, si nomino ya kundi.

Mwalimu wa michezo, Nakuru

Naongeza matumizi ambayo hayakutajwa, na ambayo yanathibitisha jambo la kutulia. Katika mbio fupi, mwanzishaji huwaamuru wakimbiaji waende kwenye alama zao, kisha hutamka "set". Hapo kila mkimbiaji huinua kiuno, uzito ukiwa mikononi na katika vidole vya miguu, na hatakiwi kutikisika hadi mlio usikike. Neno hilo hutafsiriwa kama tayari, na tafsiri hiyo inafaa, lakini linalodaiwa pale uwanjani ni kukaa katika mkao na kutulia. Mwanzishaji hatafyatua bastola hadi wote wametulia.

Amri hiyo hutolewa katika mbio zisizozidi mita 400 pekee. Kuanzia mita 800 na kuendelea wakimbiaji huanza wakiwa wamesimama, nao huitwa kwenye alama kisha hufuata mlio moja kwa moja. Kwa hiyo bingwa wa mbio ndefu anaweza kushindana miaka mingi bila kuamriwa hivyo hata mara moja.

Mzazi wa Lanet, Nakuru

Nawashukuru nyote kwa dhati. Nimemsomea binti maelezo ya kutua na ya zege, naye amerudia zoezi lake akiandika kwanza ni kitu gani kinachowekwa, kisha kinatulia katika hali gani, na sentensi zimemnyookea. Swali la vitabu teule alilijibu kama hao wanafunzi wa Bungoma, kisha akabadili jibu baada ya kufikiria kitabu kimoja.

Limebaki moja. Katika insha yake aliandika "setted" akikusudia wakati uliopita, na mwalimu wake akalikata kwa kalamu nyekundu bila maelezo. Kwa nini kitenzi hiki hakibadiliki, na msomaji atajuaje kama kitendo kimepita au kinatendeka?

Mwalimu wa lugha, Kisumu

Hapo zamani kilibadilika. Katika Kiingereza cha kale wakati uliopita ulikuwa "sette", na irabu ile ya mwisho ilitamkwa. Baadaye irabu dhaifu za mwisho wa maneno zilififia katika Kiingereza chote, na kwa kuwa mzizi wenyewe unaishia kwa t, hapakubaki chochote cha kuonyesha wakati. Vitenzi kadhaa vifupi vinavyoishia kwa t vina tabia hiyohiyo leo, kama "cut", "put", "hit", "shut", "let" na "hurt", na ni vizuri avisome pamoja kama jamaa moja badala ya kukisoma kila kimoja kama kioja.

Alama pekee iliyosalia iko katika nafsi ya tatu umoja. Akisoma "she sets the table", ile s ya mwisho inamwambia kwamba ni wakati uliopo au mazoea. Akisoma "she set the table", kukosekana kwa s hiyo kunamwambia kwamba kitendo kimepita. Mwanafunzi wetu huiruka s hiyo kwa wepesi, kwa sababu katika Kiswahili wakati huonyeshwa kabla ya mzizi na jicho lake limezoea kutazama hapo. Afundishwe kuitafuta mwishoni.

Katika nafsi nyingine hakuna alama yoyote, na itabidi ategemee maneno yaliyo jirani. Zoezi ninalowapa wanafunzi wangu ni kutafsiri, kwa kuwa Kiswahili hakimruhusu mtu kukwepa. Mpe sentensi hii: "They set the nets at dusk." Ili aiandike kwa Kiswahili lazima achague kati ya walitega nyavu magharibi na hutega nyavu magharibi, na sentensi yenyewe haitamsaidia kuchagua. Kisha mwongezee mbele yake sentensi inayotaja siku ya jana, aitafsiri tena. Halafu uiondoe hiyo, uweke inayoeleza desturi ya wavuvi, aitafsiri mara ya tatu.